Mtoto Aliyetoa Betri ya Saa: Kisa cha Picha Mbili na Kibanda Kimoja Lamu

Kesi ililetwa barazani ikiwa imeshahukumiwa. Mtoto wa miaka minane, mtaa wa Langoni, huu ni usiku wa tatu hajalala. Mkosa ni mwenye kibanda cha vidio. Picha iliyomharibu inajulikana: ile ya usiku, ya madude mawili yanayoraruana, ambayo tangazo lake la kalamu nyekundu lilikuwa bado limebandikwa mlangoni. Mama mtu hakuwa na la kuuliza. Alikuwa na la kusema tu, na alilisema amesimama, kiti alichopewa hakukitazama.

"Mwanangu hafumbi mato. Na huyu hesabu yake ni tikiti."

Mwenye kibanda alikaa ukingoni mwa baraza, anazungusha funguo kidoleni. Kila mtoto wa mtaa humwita Ami, hata wasio na udugu naye. Nami niliitwa kwa sababu ndogo: huandika habari za sinema, na mjomba wa mtoto aliona mtu anayetazama picha nyingi hivyo lazima ajue ipi ina dhambi. Nilimwambia sijui. Nikaomba siku moja kabla ya mtu yeyote kulipa au kuomba radhi.

Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya pande zote mbili, na majina nimeyaacha.

Siku yenyewe

Jumamosi ya likizo ya Agosti. Kibanda ni chumba cha chini cha nyumba ya mawe: benchi za mbao, runinga moja kubwa ukutani, feni inayolia, na spika mbili nyeusi zenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Mlango ni pazia. Mchana ni shilingi ishirini, usiku hamsini.

Picha ya alasiri ilikuwa *A Quiet Place*, ya mwaka 2018. Ya usiku, baada ya isha, ilikuwa ile ya pili katika mfululizo wa Alien dhidi ya Predator, iliyotoka 2007. Zote mbili ni bunilizi za kisayansi za kutisha. Zote mbili zilikuja kwenye flashi moja kutoka Mombasa, na flashi haiji na karatasi.

Hapa nimtendee haki Ami, maana barazani alitajwa kama mtu asiyejali. Alijali, kwa namna yake. Picha ya alasiri aliipitia kwanza kwa kidole, akiruka dakika tano tano. Alitafuta uchi, hakuona. Alitafuta matusi, lakini watu wa picha ile karibu hawasemi kabisa. Damu aliiona kidogo, tena mbali. Aliona baba, mama na watoto wao, mezani wameshikana mikono wakiomba kabla ya kula. "Nikasema hii ni picha ya nyumbani," aliniambia. Halafu akatafuta kwenye simu, akakuta Marekani imepewa alama ya umri ya PG-13. Ya usiku akakuta R, iliyo kali zaidi. Basi akaandika kwenye kipande cha boksi: USIKU WATOTO HAPANA, akakitundika juu ya pazia.

Yaani kibanda kisicho na meneja wala mhasibu kilifanya uainishaji wake, tena kwa kufuata alama za wenyewe waliotengeneza picha. Na bado mtoto hakulala.

Betri

Mtoto nilimkuta chumbani kwa bibi yake, juu. Bibi alikuwa ameshamwandikia kombe, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani sahanini kisha zikasuuzwa kwa maji ya kunywa; sahani nyeupe ilikuwa bado dirishani, imebaki rangi ya zafarani pembezoni. Sina la kubeza hapo. Mtoto alikunywa, na kwa maelezo ya bibi alilala saa mbili za mwanzo bila kuweweseka, jambo ambalo hakuna mwingine nyumbani aliyekuwa amelipata.

Kilichonishika macho kilikuwa kitandani. Saa ya ukutani ilikuwa imelazwa kifudifudi, kifuniko cha nyuma wazi, betri imewekwa kando. Karibu yake kigari cha plastiki cha dada yake mdogo, kile kinachopiga honi na kuwaka taa, nacho kimetolewa betri zake mbili. Betri zote tatu zilipangwa juu ya mkeka, safu moja, kama risasi.

Chini jikoni mtu alianza kutwanga. Mtoto alisimama, akaenda mlangoni, akasema kwa sauti ya kunong'ona, hata mimi niliyekuwa hatua mbili nilisikia kwa shida: "Mwambie asitwange. Litakuya."

Nilikuwa nimeshapata jibu. Katika picha ya usiku hakuna betri. Betri zimo katika ile ya alasiri.

Kwa asiyeiona: dunia imevamiwa na madude vipofu yanayowinda kwa sikio. Ukidondosha sufuria, umekwisha. Dakika chache tu baada ya kuanza, familia inatoka kwenye duka lililohamwa, na mtoto wao wa mwisho, mdogo sana, anataka kuchukua chombo cha kuchezea cha kwenda anga za mbali. Baba anakitoa betri, anakiweka chini. Dada mtu anamhurumia, anamrudishia kisirisiri, bila betri. Mtoto anazichukua betri mwenyewe. Njiani, darajani, kichezeo kinawaka na kulia. Baba anakimbia. Hafiki.

Huoni kidonda. Huoni damu. Dude linapita kama upepo, na mtoto hayupo.

Nilimuuliza mjomba kama usiku ule mtoto alitoka. Hakutoka. Baada ya isha alikuwa mkekani na bibi yake, na kakake wa miaka kumi na mitano ndiye aliyekwenda kutazama madude, akarudi anasimulia kwa mikono yote miwili. Huyo kaka tangu siku hiyo analala kama gogo.

Alama inapima nini

Alama za umri za Marekani zilianza 1968, na si za serikali; ni za chama cha studio zenyewe. PG-13 ilizaliwa 1984, baada ya wazazi kulalamikia picha mbili za mwaka huo, *Gremlins* na ile ya Indiana Jones ambamo mtu anang'olewa moyo kwa mkono. Zote zilikuwa zimepewa PG. Steven Spielberg, aliyehusika na zote mbili, ndiye aliyependekeza iwepo alama ya katikati.

Jambo ambalo Ami hakulijua, na wengi hawalijui, ni kwamba PG-13 haimzuii mtu mlangoni. Ni onyo kwa mzazi tu: mtoto wa chini ya miaka kumi na mitatu huenda isimfae, amua wewe. Hata R haifungi mlango. Aliye chini ya miaka kumi na saba anaingia akiwa na mzazi au mlezi. Uingereza ni mambo mengine. Bodi yao iliipa *A Quiet Place* alama ya 15, na 15 huko maana yake aliye chini ya hapo haingii hata akija na ukoo mzima. Picha ni ileile. Upande mmoja wa bahari mtoto wa miaka minane anaweza kuingia na popkoni yake, upande wa pili anarudishwa nyumbani.

Tofauti hiyo imetoka wapi? Sababu ya PG-13 ya Wamarekani ilitajwa kwa maneno machache: tisho, na baadhi ya sura zenye damu. Neno tisho ndilo la kwanza. Walioipima waliona vizuri kabisa kinachouma katika picha ile. Ila katika mizani yao tisho peke yake ni jepesi. Kinachopandisha alama huko ni vitu vinavyohesabika: tusi limetamkwa mara ngapi, kamera imekaa kwenye jeraha muda gani, damu ina rangi gani. Watengenezaji wanaijua hesabu hiyo kama muuza samaki anavyojua mizani yake. Damu ya Predator ni ya kijani inayong'aa, ya roboti za Alien ni nyeupe kama maziwa, na damu isiyo nyekundu huvumiliwa zaidi.

Ndiyo sababu picha ya kwanza ya Alien dhidi ya Predator, ya 2004, iliweza kuwa PG-13 wakati zote zilizoitangulia, za Alien nne na za Predator mbili, zilikuwa R. Studio ilitaka vijana waingie. Waliingia: picha ilikusanya zaidi ya dola milioni 170 duniani. Wapenzi wa zamani walinung'unika kwamba madude yamefungwa midomo, kila likikaribia kuua kamera inageuka. Ya 2007 ikarudi R, damu tele, ikakusanya takriban milioni 130. Mtu akikutajia hizo kama ushahidi kwamba alama kali inafukuza pesa, mwambie atazame *Alien: Romulus* ya 2024, R, karibu milioni 350. Na *A Quiet Place* yenyewe, iliyotengenezwa kwa takriban milioni 17, ilipita milioni 340 bila kumwaga damu ya kujaza kikombe.

Hapo nina maoni yangu. Picha ya kutisha iliyopunguzwa ili ipate alama ya chini mara nyingi huwa mbovu, kwa sababu imepigwa kwa ajili ya damu kisha damu ikatolewa, kinabaki chakula kisicho chumvi. Iliyoandikwa tangu mwanzo bila damu ni kitu kingine. Hiyo inalazimika kukutisha kwa njia nyingine, na njia hizo nyingine ndizo zinazokwenda na mtu hadi nyumbani.

Kuna na upande wa pili. *RoboCop* ya 1987 ilirudishwa mara nyingi na wapima alama kabla ya kupewa R, na mkurugenzi wake Paul Verhoeven amesema kwamba ukatili wenyewe ulipozidi kipimo uligeuka kichekesho. Ulipokatwa ukawa unauma zaidi. Ukitaka kuona hilo kwa macho, nenda kibandani Lamu usiku wa madude.

Sauti ya DJ

Nilikwenda. Ami aliirudia picha ya usiku wiki iliyofuata kwa kuombwa na vijana, nami nikakaa benchi ya nyuma.

Flashi ilikuwa na nakala ya DJ, yaani iliyotafsiriwa: mtu mmoja anazungumza juu ya picha nzima, anatafsiri, anatania, anampa kila dude jina la mtaani. Picha ile ina mambo mazito. Mwanzoni kabisa baba na mwanawe wako msituni wakiwinda, na kifua cha yule mtoto kinapasuka kama cha baba yake. Baadaye dude linaingia wodi ya wajawazito. Mimi nilitazama pembeni. Vijana walicheka. DJ alikuwa anamkemea dude kama shangazi anavyokemea mwizi wa embe, na benchi zote zikamjibu. Pale ambapo pangetisha, palikuwa na mtu mzima anazungumza nasi gizani, anatushika mkono.

Sasa irudie ile alasiri. *A Quiet Place* haina nakala ya DJ kwenye flashi ile, na sababu iko wazi: utatafsiri nini? Watu wanazungumza kwa ishara za mikono, binti mkubwa ni kiziwi, na aliyemwigiza, Millicent Simmonds, ni kiziwi kweli. Ami akaiweka mbichi. Spika zikaachwa kwenye kimo cha picha za ngumi, kwa hiyo kimya kilikuwa kimya, na kilipovunjika kiliwapiga watoto kifuani.

Hili ndilo lililonichukua muda kuliona. Kibandani kwetu Kiingereza kimekuwa kikifanya kazi ya bodi bila kulipwa. Nusu ya yanayotisha katika picha za nje yanapita juu ya vichwa vya wadogo kwa sababu yamesemwa haraka na kwa lugha ya shule. Mtoto anaona watu wanakimbia, anasubiri mlipuko. Picha isiyo na maneno inaingia bila kupita langoni. Mtoto wa miaka minane Langoni aliielewa yote, sawasawa na mtoto wa New York, pengine zaidi, kwa sababu anaishi mahali ambapo kila sauti inasikika. Vichochoro vyetu ni vyembamba. Ukikohoa kwako jirani anakuambia pole. Alfajiri punda mmoja akilia Langoni anajibiwa hadi Mkomani. Mama yake alinieleza kwamba kila punda alipolia, mtoto aliziba mdomo wake mwenyewe kwa mikono miwili. Si masikio. Mdomo.

Adhana

Kilichobaki kilikuwa mwisho wa picha. Stima ilikatika saa kumi, ikarudi karibu saa kumi na moja, kwa hiyo picha ya dakika tisini ikakutana na magharibi. Ami husimamisha kila kitu adhana ikisikika, hilo hajawahi kulikosa. Picha ilisimama baba akiwa ameshapiga ukelele kwa makusudi, ili dude liache watoto wake limfuate yeye.

Wakubwa walikwenda kuswali wakarudi. Wadogo hawakurudi, na hapa hakuna mzazi wa kulaumiwa: magharibi mtoto haachwi nje, hiyo ni mila ya mji tangu tuzaliwe. Wakaenda nyumbani na baba aliyekufa, dude zima, na giza linaingia. Dakika chache zilizobaki, ambamo binti kiziwi anagundua kwamba mlio wa kifaa chake cha sikio unayalemaza madude, na mama anashika bunduki, waliziona waliokuwa hawazihitaji.

Hakuna alama ya umri inayoweza kulijua hilo. Aliyeipima aliipima picha nzima.

Yaliyoamuliwa

Nilirudi barazani na maelezo haya. Mama hakuridhika moja kwa moja. Alisema hata kama ya usiku haikumgusa mdogo, ilitazamwa na mkubwa, na miaka kumi na mitano si kumi na minane. Hapo sikuwa na ubishi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inataka picha inayoonyeshwa hadharani iwe imepita kwenye bodi ya uainishaji, na bodi ina ngazi zake: ya wote, ya uangalizi wa mzazi, 16, na 18. Boksi lililoandikwa WATOTO HAPANA halisemi mtoto ni nani. Kaka mtu, mwenye ndevu tatu, hakuona kama linamhusu.

Ami naye aliuliza swali la haki: "Basi mimi nitaitambuaje? Uchi nimeangalia, damu nimeangalia." Nikamwambia asiiruke dakika tano tano. Aitazame kumi za mwanzo na kumi za mwisho kwa sauti, kwa sababu kidole kinaona damu lakini hakisikii. Alicheka, akakubali nusu. Nusu nyingine ilihusu leseni, na hiyo alisema ataifuatilia. Mpaka naandika bado anaifuatilia. Alichofanya mara moja ni kwamba picha za wadogo sasa zinaanza saa nane, ziishe kabla ya alasiri, na stima ikikatika pesa inarudishwa, haingojwi magharibi. Pazia limebadilishwa likawekwa mlango wa ubao. Shilingi ishirini za mtoto alitaka kuzirudisha. Mama alikataa kuzipokea.

Kuhusu mtoto, mjomba alifikiri tumtulize kwa kumwambia picha ni uongo. Bibi alisema anajua ni uongo, si mjinga. Mwishowe tuliketi naye mchana, dirisha wazi, mlio wa mashua nje, nikampa simu sauti imezimwa kabisa, akatazama zile dakika zilizobaki. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo tayari kusimamisha. Binti alipogundua siri ya kifaa chake, aliirudisha nyuma akatazama tena. Mara tatu.

Usiku ule hakulala vizuri. Uliofuata alilala. Siku ya tano betri ilirudi kwenye saa. Aliitia mwenyewe, akaiweka saa sikioni kidogo kabla ya kumpa mjomba aitundike.

Kigari cha dada yake kilibaki bila betri. Nilipomuuliza, aliniambia dada yake bado mdogo.